Nani kawaambia watoto hawataki muziki?

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua. Miaka yote gazeti hili nalisoma kuanzia nyuma, kwa mpira, na nikifika kwa barua za wasomaji nasema hawa watu wana muda. Lakini ile ripoti yenu kuhusu masomo ya sanaa kwenye shule za upili, ile mliyoiweka na picha ya watoto wamejifunga lesso, imenikaa kooni. Hasa pale mwandishi wenu alipomwacha mwalimu mkuu mmoja aseme ati darasa la muziki halijai kwa sababu watoto siku hizi hawana hamu nalo, na yeye akaandika tu akaenda zake, hata swali moja hakuuliza.

Hawana hamu? Huku Kilifi ukipita penye harusi usiku utawakuta haohao watoto wanatikisa kayamba mpaka alfajiri na hakuna aliyewalazimisha. Jumapili wako kwaya. Simu zao zimejaa nyimbo wanazotunga wenyewe. Hamu iko tele, shida inaanza wakiingia getini.

Mimi binti yangu alichukua muziki mpaka kidato cha nne. Wengi hawajui hili somo linapimwaje kwenye KCSE, ule mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, wanadhani ni kuimba kidogo unapewa A. Kuna karatasi tatu. Ya kwanza ni ya vitendo, mtoto anapiga au anaimba mbele ya mtahini, kuna kipande kilichopangwa, kuna skeli, yaani kupanda na kushuka ngazi ya nota, kuna kusoma nota ambazo hajawahi kuziona, na kuna wimbo au ala ya kiasili. Ya pili ni ya kusikiliza, kinapigwa kipande cha muziki yeye anaandika alichosikia. Ya tatu ndiyo ya maandishi, kutunga melodi, kupanga sauti nne, historia, uchambuzi. Si somo la mchezo. Mtoto anayelipita vizuri amefanya kazi.

Sasa sikiza. Siku ya vitendo mtahini amefika mapema, mtu mpole, amekaa kwenye kivuli na fomu zake. Watoto wamejipanga. Rekoda, zile filimbi za shule, ziko wapi? Stoo. Funguo ya stoo iko wapi? Iko na naibu wa mwalimu mkuu, na naibu ameondoka na timu ya mpira, simu haishiki. Ikatumwa pikipiki hadi kwa mkewe, haikuwa huko. Mwisho akaitwa fundi wa kuchomelea hapo barabarani akaja akakata kufuli, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimemletea binti chivoti yake, ile filimbi yetu ya mwanzi, aliyoisahau nyumbani, kwa hiyo hili sikuhadithiwa. Mlango ulipofunguka, Mhariri, ndani kulikuwa na vikombe. Vikombe vya mashindano ya muziki, vikubwa vya mikono miwili, vingine vimefungwa utepe, vimepangwa juu ya rafu na kupanguswa vumbi kabisa, nguo za ngoma zimekunjwa vizuri kwenye magunia na dawa ya nondo. Ala za kufundishia zilikuwa sakafuni. Ngoma mbili ngozi zimeliwa na panya, kibodi moja haina waya, na rekoda za plastiki kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi, zingine hazina kichwa. Binti akapata moja ambayo kiungo chake kimelegea, mwalimu akakizungushia seloteipu. Kipande alichokifanyia mazoezi muhula mzima kilikuwa na nota za chini, na rekoda ikilegea pale nota za chini ndizo zinakataa kwanza, inatoa mlio kama mlango wa matatu mbovu. Alicheza hadi mwisho. Halafu akachukua chivoti, aliyofundishwa na babu yake chini ya mwembe na si na shule yoyote, akapiga, na hapo hapakuwa na seloteipu ya kusingizia. Hapo tu ndipo nilipomsikia akipiga anavyojua.

Na si kosa la mtahini. Yeye anaandika anachosikia.

Karatasi ya kusikiliza nayo ilifanyiwa kwenye ukumbi wa mabati. Nasema hivyo tu, aliyewahi kukaa chini ya mabati mvua ikinyesha ataelewa.

Lakini kinachoniuma zaidi ni yale mafundisho yenyewe ya miaka miwili ya mwisho, kwa sababu hata kama stoo ingekuwa wazi sijui wangeyafanyia nini yale madude. Mwalimu wa muziki alihamishwa wakiwa kidato cha tatu, hakuletwa mwingine, wakapewa mwalimu wa somo lingine ambaye anaongoza kwaya kanisani kwao, na mtu wa watu alijitahidi lakini akawa anawafundisha muziki kama historia. Wanakariri. Nimeona daftari la binti kwa macho yangu, amechora kibodi kwa rula na kalamu nyeusi, funguo nyeupe na nyeusi, na hiyo karatasi ndiyo waliyokuwa wanaiweka juu ya dawati wanabonyeza vidole. Wanabonyeza karatasi! Mtoto anajua Bach alizaliwa 1685, anajua Haydn aliandika simfoni zaidi ya mia, namba anaitaja bila kufikiri, hajasikia hata moja kati ya hizo, wala hakuna mtu aliyetoa simu mfukoni akampigia hata dakika tatu wakati bando la kutuma meme kwenye grupu la wazazi lipo. Wanakariri kadensi plagali, namna moja ya kumalizia wimbo, ni nini, chodi ya nne kwenda ya kwanza, wanaandika hivyohivyo na wanapewa alama, ilhali kila Jumapili wanaiimba wenyewe mwisho wa tenzi, ile Amina ya kuvuta. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia jamani Amina ile ndiyo hii. Mapigo ya sita kwa nane yanawatoa jasho kwenye karatasi, na kayamba ya harusi wanayoijua tangu wakibebwa mgongoni inakwenda hivyohivyo. Yaani wanacho masikioni, shule inawapa tena kwa ubao kikiwa kimekufa, halafu mtu mzima na suti anamwambia mwandishi wenu hawana hamu.

Halafu kuna haya mashindano, nami nitayasema maana mnayasifu sana. Mashindano ya muziki ya Kenya yameanza 1927, ni kitu cha heshima, mimi mwenyewe niliimba nikiwa msingi tukafika mkoa. Ila siku hizi shule inakodi mkufunzi kutoka nje, anakuja na wimbo wake tayari na hatua zake tayari, watoto wanapigwa mazoezi usiku, wazazi tunatozwa za nguo na za basi, kikombe kinakuja, kinapigwa picha, kinaingia stoo. Mkufunzi anaondoka na bahasha yake. Nusu ya wale waliocheza hata somo la muziki hawachukui, na wale wanaolichukua hakuna aliyewauliza mnahitaji nini. Na mgeni akija, mheshimiwa wa kufungua choo au kugawa basari, kwaya hiyohiyo inatolewa darasani, inasimamishwa juani tangu asubuhi kumngoja, anafika saa nane, anaimbiwa jina lake, anatoa soda. Hiyo nayo ni elimu ya muziki? Wakati wa kuimba sifa walimu wote wanapatikana, na funguo inapatikana.

Na sasa ndio tumeingia senior school ya mtaala mpya. Gredi ya 10 imeanza Januari 2026 na njia zake tatu za masomo, na sanaa na michezo ni njia kamili, wizara yenyewe ilisema inatarajia kama asilimia 15 ya watoto waende huko. Vizuri. Muziki na densi uko kwenye orodha. Lakini huko junior school, kabla ya hapo, mtoto alikuwa anapata muziki umechanganywa na uchoraji na michezo kwenye somo moja, mwalimu mmoja, mara nyingi mwalimu wa mpira, anapiga filimbi lakini ya refa. Na tumeuona ule mtindo wa mwalimu kumpima mtoto mwenyewe shuleni na kupandisha alama kwa portal ya baraza la mitihani. Mimi nauliza, shule haina kibodi, haina mwalimu, ngoma zina mashimo, alama hizo zinatoka wapi? Maana zitapanda tu. Hakuna shule itaandika kwa portal kwamba hatukupima kwa sababu naibu alikuwa na funguo. Mtoto atapewa "anakaribia matarajio" kwa ala ambayo hajaishika.

Kwa hiyo mimi napendekeza hivi, na sitaki kuambiwa ni mzaha. Kila shule inayotaka kusajili muziki gredi ya 10, mwalimu mkuu asimame kwenye AGM, mkutano mkuu wa mwaka, mbele ya wazazi wote, apewe rekoda kutoka kwenye stoo ya shule yake, ileile ya ndoo, si ya kuazima, apige skeli ya D meja oktavu moja kupanda na kushuka. Nota zikitoka, shule isajiliwe. Zikikataa, pesa yote ya mkufunzi wa mashindano na nguo za mwaka huo inunue rekoda mpya na kibodi moja yenye waya, na aliyetoa hotuba kuhusu vipaji akae chini mpaka zifike. Ofisa wa elimu wa kaunti ndogo awepo, na yeye apewe karatasi ya kusikiliza, afanyie chini ya mabati, mwezi wa tano, mvua ikiwa imekolea. Majibu yake myachapishe nyinyi.

Na yule mwandishi wenu akirudi kwenye hiyo shule, asiingie ofisini kwanza. Aanzie stoo.

Mzazi, Kilifi