Mdogo wangu, usiombe kuondolewa namba tisa

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Mechi nyingi zimepita hujaweka mpira kambani, mashabiki wameanza kuzomea jina lako likitangazwa, na sasa unataka kumwambia kocha akutoe namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, akurudishe winga au akuchezeshe nyuma ya mshambuliaji, mahali ambapo, kwa maneno yako mwenyewe, "hakuna anayehesabu". Nilikuomba ruhusa nikujibu hadharani ukakubali, maana mastraika wa umri wako wanaopita njia hiyo hiyo ni wengi, na si wote wenye kaka wa kumuuliza.

Jibu langu ni moja: usiombe. Nakwambia hivyo nikiwa mtu aliyecheza beki wa kati tangu utotoni hadi nilipotundika daluga. Kazi yako nimeiona kutoka upande wa pili, nikiwa naumizwa nayo.

Sisi mabeki hatukuwa na hofu na straika aliyefunga wiki iliyopita. Tuliyemwogopa ni yule anayekosa nafasi ya wazi dakika ya kumi, anajipangusa majani, halafu dakika ya kumi na tatu yuko palepale tena. Huyo hakupi nafasi ya kupumua, kwa sababu unajua ameshaiona njia na atairudia mpaka filimbi ya mwisho. Straika tuliyempenda ni mwingine kabisa. Anakosa mara moja, kisha anaanza kushuka katikati ya uwanja kuomba mpira miguuni. Anapiga pasi fupi za nyuma, anakimbia sana, jukwaani wanamwona ana bidii. Sisi tulikuwa tunaangaliana tu na beki mwenzangu, na wote wawili tunaelewa: jamaa ameshatoka kwenye boksi mwenyewe, hatuna tena wa kumkaba.

Ndicho ninachokiona kwako sasa. Mechi yako ya mwisho nimeiangalia yote. Kipindi cha pili winga wenu wa kulia alimtoka beki wake, akainua kichwa ili apige krosi. Wewe ulikuwa umesimama mbele ya beki wa kati, hatua moja tu, umempa mgongo. Kwa kusimama hapo ulimfanyia kazi yake, kwa sababu alikuona wewe na mpira kwa wakati mmoja. Krosi ilipokuja, hakuhitaji kuwa hodari. Alihitaji kuinua mguu tu.

Beki ana shingo moja. Hawezi kuangalia mpira na kukuangalia wewe ukiwa nyuma ya bega lake la mbali, upande ule ambao mpira haupo. Simama hapo. Kila akitaka kujua uko wapi lazima ageuze kichwa, na akigeuza kichwa hauoni mpira. Basi subiri. Winga akiinua kichwa, beki naye atarudisha macho kwenye mpira, na hiyo nusu sekunde ni mali yako. Piga hatua mbili za haraka kuelekea nguzo ya karibu ya lango, kwa nguvu, kama mtu aliyeamua. Ziangalie nyonga zake, usiangalie macho. Nyonga zikishageuka kukufuata, simama ghafla na urudi nguzo ya mbali. Mtu mwenye uzito wake wote kwenye mguu mmoja hawezi kukufuata, hata awe na mbio kiasi gani. Mimi nilikuwa na mbio, na nilifungwa hivyo mara nyingi.

Na hilo la kuotea linalokusumbua, unalisababisha kwa haraka isiyo na faida. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1990, mshambuliaji aliye sambamba na beki wa mwisho kabla ya kipa hajaotea. Huna sababu ya kuanza mbele yake. Anza naye sambamba, hata nyuma yake kidogo, ili mpira unapopigwa wewe uwe tayari kwenye mwendo na yeye awe bado amesimama. Ukingoja mpira utoke mguuni ndipo uanze kukimbia, umechelewa. Ukianza kabla mpigaji hajaurudisha mguu nyuma, mshika kibendera atakunyanyulia. Katikati ya hivyo viwili ndipo ilipo riziki yako, na inapatikana kwa kukaa mazoezini na winga wako mpaka umjue anavyopumua.

Mtafute Gerd Müller kwenye video, hasa fainali ya Kombe la Dunia ya 1974 dhidi ya Uholanzi. Hakuwa mrefu, hakuwa mwenye chenga za kuwapagawisha watu. Aliifungia Ujerumani Magharibi mabao 68 katika mechi 62. Bao lile la fainali lina mguso wa kwanza mbaya: mpira unamfikia ndani ya boksi na unabaki nyuma yake. Wengi wangeurudisha kwa kiungo. Yeye anajigeuza hapohapo na kupiga shuti la chinichini kabla beki hajaweka mguu sawa. Lango lina upana wa mita 7.32, na yeye alilijua lilipo hata akiwa amelipa mgongo. Alilijua kwa sababu hakuwa na kawaida ya kuondoka mbele yake.

Sasa hesabu, kwa kuwa unasema zinakuumiza. Kwenye ligi kubwa za Ulaya, kati ya mashuti kumi hivi yanayopigwa, moja ndilo linakuwa bao. Hata penalti, mpira umetulia mita 11 kutoka golini na hakuna wa kukukaba, karibu robo yake haziingii. Kwa hiyo straika bora duniani anakosa mara nyingi zaidi kuliko anavyofunga, na mkimbio mbaya wa mechi kadhaa upo ndani ya kazi yenyewe. Swali la kujiuliza Jumapili asubuhi ni hili: jana nilipata nafasi ngapi? Kama ulipata tatu ukakosa zote, pole, lakini uko mzima. Kama hukupata hata moja, hapo ndipo tukae tuzungumze, maana tatizo limeshatoka kwenye shuti na kuingia kwenye miguu inayokupeleka mbali na lango.

Fernando Torres alikuwa bingwa wa dunia Chelsea walipomtoa Liverpool Januari 2011 kwa pauni milioni 50, rekodi ya Uingereza wakati huo. Bao la kwanza akalipata Aprili 23, dhidi ya West Ham. Mvua ilikuwa imelowesha uwanja, mpira ukakwama kwenye maji, akageuka akapiga. Hata baada ya hapo hakuwahi kurudi kuwa yule wa Liverpool, na sitakudanganya kwamba alirudi. Lakini Aprili 2012, Chelsea wakiwa pungufu ugenini Barcelona kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, aliingia kutoka benchi, na dakika za nyongeza mpira ulipobutuliwa mbele alikuwa peke yake katika nusu nzima ya uwanja. Akamzunguka kipa, akafunga. Miezi miwili baadaye alichukua kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora wa Euro, akiwa amefunga hata kwenye fainali aliyoingia kama mchezaji wa akiba. Mtu aliyechekwa na ulimwengu mzima alikuwa bado anakwenda mahali pale.

Ila ninayemheshimu kuliko wote katika hili ni Asamoah Gyan, straika wa Ghana. Julai 2, 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia. Ghana na Uruguay wako 1-1, sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. Luis Suárez anauzuia kwa mikono mpira uliokuwa unavuka mstari, anapewa kadi nyekundu, inakuwa penalti. Ikiingia, Ghana ni timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Gyan alishafunga penalti mbili katika mashindano hayo hayo, dhidi ya Serbia na Australia. Akapiga. Mpira ukagonga mwamba na kupaa juu.

Watu wengi hadithi yao inaishia hapo, na naona wanamdhulumu. Mpira ukaenda kwenye mikwaju ya penalti, na mpigaji wa kwanza wa Ghana alikuwa nani? Yeye. Dakika chache tu baada ya bara zima kushika kichwa, alirudi kwenye alama ya penalti, akamtazama kipa yuleyule, akaiweka juu, kambani. Ghana walitolewa 4-2, hakuna faraja ya kumpa mtu kwa hilo. Miaka minne baadaye huko Brazil aliwafunga Ujerumani na Ureno, akafikisha mabao 6 ya Kombe la Dunia na kumpita Roger Milla wa Cameroon mwenye 5. Angeomba kutopiga tena baada ya ule mwamba, nani angemlaumu? Hakuomba.

Kuhusu matusi ya mitandaoni, funga simu siku ya mechi na siku inayofuata. Sina zaidi la kukwambia hapo, na nadhani halihitaji zaidi.

Unamtaja sana Mbwana Samatta, na unasema hata yeye "alishindwa Uingereza". Neno hilo linanikera, niseme wazi. Mwaka 2015 alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe, akawa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka huo kwa wanaocheza ndani ya bara. Akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, akaifunga Liverpool pale Anfield. Januari 2020 Aston Villa wakamsajili wakiwa wanapigania kutoshuka daraja. Akafunga mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, na mwezi mmoja baadaye akajirusha na kumfunga Manchester City kwa kichwa kwenye fainali ya Kombe la Ligi, Wembley. Halikuongezeka bao jingine la ligi, na Septemba akaondoka. Ukimpima kwa miezi ile tu utaona bao moja katika mechi 14. Mimi naona straika aliyezoea timu inayofikisha mipira ndani ya boksi, akawekwa kwenye timu iliyokuwa inajihami muda mwingi na kunusurika kwa pointi moja tu. Straika anakula kinacholetwa. Ndiyo maana siku ukipata ofa, kabla ya kuuliza mshahara, waulize winga zao ni akina nani na krosi ngapi zinafika. Na lile bao la Wembley lirudie. Hakungoja mpira umfikie.

Muda unao, hilo usilitilie shaka. Jamie Vardy alikuwa anafanya kazi kiwandani huku akicheza madaraja ya chini. Leicester walimchukua mwaka 2012 akiwa na miaka 25, na msimu wake wa kwanza pale ulikuwa mgumu hadi akafikiria kuachana na mpira. Msimu wa 2015-16 alifunga katika mechi 11 mfululizo za ligi na kuchukua ubingwa, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa Uingereza akiwa na miaka 33, kwa mabao 23. Luca Toni alikuwa ametimiza miaka 38 alipomaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi ya Italia kwa mabao 22, sawa na Mauro Icardi. Hawa hawakudumu kwa mbio pekee. Mbio zinaondoka. Kujua pa kusimama kunabaki.

Kinachoweza kukukatia muda huo ni kifundo chako cha mguu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Najua unacheza umefunga bendeji na kumeza dawa za maumivu, ukiogopa kwamba ukikaa nje hata wiki mbili mwingine atachukua namba. Marco van Basten, straika wa Uholanzi, alikuwa mchezaji bora wa Ulaya mara tatu. Mechi yake ya mwisho ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 1993, akiwa na miaka 28. Kifundo kilikataa. Alihangaika na matibabu mpaka 1995 akatangaza kustaafu, umri ambao wengine ndiyo kwanza wanaanza kuelewa kazi. Mwambie daktari wa timu ukweli wote, pamoja na hizo dawa. Kama akisema upumzike, pumzika, na kocha aambiwe na daktari, si na wewe.

Mkataba mpya usiusaini mwezi huu. Ukiwa kwenye ukame utakubali chochote, na wakala wako anajua hivyo. Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba wa hadi miaka mitano. Kwa kijana anayejiona hafai, miaka mitano inaonekana kama kinga. Inaweza kuwa kufuli. Nitumie karatasi zote, nitazisoma na mwanasheria kabla hujaweka jina.

Na nitumie video ya mechi ijayo. Sitaki zile zilizokatwa zenye nafasi na mabao tu. Nitumie dakika zote tisini, kamera ya juu kama ipo, nikuone unavyotembea wakati mpira uko kwa wengine. Nitakuandikia kila mara beki alipokusahau, na kila mara ulipomkumbusha.

Kaka yako