Barua kwa mwenzangu wa wodini

Dallas, Texas

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ujumbe wako umenifurahisha mno. Kumbe watu wa wadi yako wanataka usimame kugombea kiti cha bunge la kaunti mwaka 2027! Nawe unaniuliza nesi ataenda kusema nini humo mbele ya mawakili na wafanyabiashara. Ngoja nikusimulie habari za mwanamke ambaye mji huu umekiita kituo chake kikuu cha treni kwa jina lake, Eddie Bernice Johnson.

Alizaliwa Waco, hapa Texas, mwaka 1935. Ndoto yake ilikuwa udaktari, lakini shuleni akaambiwa kwamba kwa kuwa ni msichana, asomee unesi. Texas ya siku zile ilikuwa ya ubaguzi mtupu, hata chuo cha uuguzi cha kumfaa msichana mweusi kikakosekana. Akaenda hadi Saint Mary's College, Indiana, akamaliza mwaka 1955. Hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Dallas ikamwajiri bila kumwona. Alipofika wakagundua kuwa ni mweusi, wakamnyima chumba walichokuwa wamemwahidi. Halafu kuna hili ambalo kila nikilikumbuka linaniuma: wakubwa walikuwa wakitangulia kuingia vyumbani kuwahakikishia wagonjwa kwamba nesi anayekuja anaijua kazi. Wewe na mimi tunajua ilivyo kumhudumia mgonjwa ambaye hajakuamini. Yeye alikaa pale miaka 16, mpaka akawa muuguzi mkuu wa kitengo cha magonjwa ya akili, mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Mwaka 1972 akaombwa agombee Baraza la Wawakilishi la Texas. Alikuwa mtumishi wa serikali kuu, na sheria haikumruhusu kugombea huku akishika kazi. Ameachana na mumewe, ana mwana wa kulea, na mshahara ndio huo. Aliyemhimiza ni Stanley Marcus, mkuu wa maduka ya Neiman Marcus, akampa na kazi ya kumshikilia. Nakutajia hili kwa sababu nawe sheria ya Kenya itakutaka ujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi, na ukishindwa, kazi hiyo haitakusubiri. Fanya hesabu ya karo na kodi ya nyumba sasa, kabla ya mtu yeyote kuanza kuchapisha mabango.

Alishinda, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa wa umma kutoka Dallas. Kufikia 1975 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kazi, na kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kuongoza kamati kubwa ya baraza hilo. Rais Carter akamteua mwaka 1977 kuongoza ofisi ya kanda ya wizara ya afya, elimu na ustawi, kisha mwaka 1986 akarudi kama seneta wa jimbo.

Hapo kwenye Seneti ndipo napenda uangalie kwa makini. Angalia miswada aliyoandika: kuzuia ubaguzi dhidi ya wagonjwa wa UKIMWI na kuwarahisishia matibabu, kusimamia vituo vya eksirei, kuzikataza hospitali kuwahonga madaktari. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, watu wakiogopa hata kumshika mkono mgonjwa wa UKIMWI. Mawakili wangeweza kuandika vifungu hivyo vizuri zaidi, sina shaka, lakini aliyeona haja ya kuviandika ni nesi. Na kwenu afya iko mikononi mwa kaunti. Bajeti ya zahanati unayofanyia kazi, zile glavu mnazoishiwa, mishahara inayochelewa, vyote hupitia bunge hilo unaloogopa kuingia. Nani atayasema hayo kama si mtu aliyesimama zamu ya usiku?

Aliingia Bunge la Marekani mwaka 1993, muuguzi aliyesajiliwa wa kwanza kuchaguliwa huko, akakaa hadi Januari 2023, na tangu 2019 aliongoza kamati ya sayansi. Alifariki tarehe 31 Desemba 2023.

Nikimsifia tu nitakuwa sikutendei haki. Mwaka 2010 ilifichuka kwamba alikuwa amewapa wajukuu na jamaa zake ufadhili wa masomo kutoka wakfu wa wabunge weusi, akarudisha pesa. Ilinisikitisha sana, kwa sababu ni mtu ninayemheshimu. Basari za wadi zitakuletea ndugu mlangoni kabla hujaapishwa, na baadhi yao watakuwa na shida za kweli kabisa. Zungumza nao mapema, tena mbele ya mama, ili asije mtu kusema hakusikia.

Niandikie uamuzi wako, na uniambie wenzako wa zamu wamesemaje. Mchango wangu wa kampeni upo, hata kama ni mdogo. Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako daima.