Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: jumba tunashukuru, lakini nani atafungua mlango?

Mheshimiwa Waziri,

Siku ulipotutembelea ulikaa kisiwani saa mbili na dakika chache, maana nahodha alikuwa na wasiwasi wa maji kupwa. Hatukulaumu; bahari haina itifaki. Katika muda huo uliingia kwenye chumba cha chama chetu cha historia, ukainamia picha ya watu saba waliosimama gatini, ukauliza kama majina yao tunayajua. Jioni yake tukasikia redioni kwamba serikali itatujengea jumba la kisasa la makumbusho. Watu walishangilia, nami nilishangilia nao. Usiku usingizi ukanipaa.

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu zile nilizokuletea kwa bahasha hazijajibiwa, na nakala zake ninazo. Tena visiwa vyenye vyama kama chetu ni vingi, na sidhani kama kuna kimoja ambacho hakijawahi kuahidiwa jumba.

Ombi letu litakushangaza: usitujengee. Sehemu ndogo tu ya fedha za jumba hilo itolewe kwenye fungu la maendeleo, iingizwe kwenye matumizi ya kawaida, ije kidogo kidogo kila mwaka bila kukatika. Wahasibu wako watakwambia mafungu hayachanganywi. Wana haki ya kusema hivyo, na ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Nianze na lile swali lako, kwa sababu bila kujua uliuliza kazi yetu yote. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunatandika picha za zamani juu ya meza ndefu, tunafungua mlango, anayetaka anaingia. Wanakuja wazee, wanakuja na wajukuu waliolazimishwa kuwasindikiza. Mmoja anasema huyu ni fulani bin fulani. Mwenzake anamkatalia, anasema fulani hakuwahi kuvaa kofia maisha yake. Wanabishana mpaka mate yanawakauka, na sisi tunaandika maneno ya wote wawili, kwa penseli laini, nyuma ya picha. Wino hatuutumii, maana unapenya na baada ya miaka unatokeza usoni mwa mtu. Safari moja picha isiyo na tarehe ilipata mwaka wake kutokana na kiraka cha tanga: mvuvi mstaafu alikikumbuka kwa sababu yeye ndiye aliyekishona, na alijua ni baada ya dhoruba gani. Safari nyingine mama mmoja alimtambua mama yake katika picha ambayo uso hauonekani kabisa. Alimjua kwa anavyosimama, uzito wote mguu mmoja. Akakaa kitini, hakusema tena mpaka tunafunga.

Kazi hiyo, Mheshimiwa, inahitaji meza, taa, mtu wa kuandika, na mlango ulio wazi siku ileile kila mwezi ili watu wazoee. Haihitaji jumba la vioo.

Wapo waliokwisha kuthibitisha hili kwa kiwango ambacho sisi hatukioti. Kati ya mwaka 1937 na 1939, Ireland iliwatuma wanafunzi wa shule za msingi wakawaulize wazee wa nyumbani na majirani habari za zamani: visima, magonjwa na dawa zake, majina ya mashamba, hadithi za kutisha za usiku. Shule zilizoshiriki zilikuwa kama 5,000, watoto zaidi ya 50,000, na kilichopatikana ni kurasa zinazokaribia 740,000. Zana kubwa ilikuwa daftari na mwalimu aliyepewa maelekezo. Tume ya ngano, yaani hadithi za mapokeo, iliyoendesha mpango huo ilikuwa na wakusanyaji wake pia, na miongoni mwa waliowasimulia alikuwamo Peig Sayers wa kisiwa cha Great Blasket. Kisiwa hicho kilihamwa mwaka 1953 kwa sababu vijana walikuwa wamekwisha na bahari ilikuwa inawafungia waliobaki. Nyumba zake nyingi leo ni kuta zisizo na paa. Hadithi za Peig zipo.

Sasa nirudi kwenye jumba. Adui wa kwanza wa nyaraka za kisiwani hashikiki, maana ni hewa. Karatasi ikikaa muda mrefu kwenye unyevu unaozidi asilimia 65 inaota koga, na hewa ya baharini huvuka hapo bila kutoa jasho. Chumvi nayo huvuta maji kutoka hewani hata siku kavu. Chumba chetu ni cha kizamani: kuta nene, madirisha mawili yanayotazamana, dari ya juu. Hakipendezi kwenye picha za magazeti, lakini kinapumua. Jumba la vioo lisilofunguka madirisha linategemea mashine ya kupoza hewa, na mashine inategemea umeme, na umeme unategemea mtu wa kulipa bili mwezi wa kumi na tatu, wakati utepe umeshakatwa na wageni wameshasahau. Siku bili isipolipwa, jumba hilo litageuka tanuri mchana na sufuria ya mvuke usiku. Nyaraka zilizostahimili miaka mia kwenye sanduku la mbao zitaoza ndani yake kwa misimu michache.

Hata vitu vinavyoonekana vigumu ni vigonjwa. Mwanachama wetu mmoja aliwahi kutuletea nanga aliyoivua na nyavu, akaiweka juani ikauke, kwa nia njema kabisa. Chuma kilichokaa baharini kinabeba chumvi tumboni. Ukikikausha haraka kinapasuka na kumenyuka magamba kutoka ndani. Kilipaswa kuloweshwa kwenye maji yasiyo na chumvi, yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu, yanayobadilishwa tena na tena, miezi kwa miezi, chumvi itoke taratibu. Nani wa kubadilisha maji hayo? Hilo ndilo swali ambalo ramani ya mhandisi haina chumba chake.

Sisemi majumba yote ni hasara. Kule Kodiak, Alaska, makumbusho ya wenyeji iitwayo Alutiiq Museum ilifunguliwa mwaka 1995, na sehemu ya fedha zake zilitokana na malipo ya fidia ya mafuta yaliyomwagika baharini kutoka meli ya Exxon Valdez mwaka 1989. Lakini wenyeji walikuwa wameshaanza kazi ya utamaduni wao kabla jengo halijasimama, na usimamizi umebaki mikononi mwa taasisi zao wenyewe. Jengo liliwafuata watu. Mpango uliotangazwa redioni unataka watu walifuate jengo.

Lipo jambo jingine, nalo linauma. Miaka minne iliyopita afisa mmoja kutoka bara, wa ofisi nisiyotaka kuitaja hapa, alichukua daftari letu la vyombo vilivyotia nanga kisiwani, lenye mwandiko wa makarani watatu tofauti. Alisema linakwenda kunakiliwa. Tulipewa stakabadhi yenye mhuri. Stakabadhi tunayo, tumeitia kwenye fremu, na nasikitika kusema kwamba wageni huiulizia kuliko kitu kingine chochote ukutani. Daftari halijarudi.

Ukubwa wa jambo hili unaupata ukisoma habari za zile sanamu ndogo za mchezo wa sataranji zilizofukuliwa mwaka 1831 katika kisiwa cha Lewis, Uskochi. Zinazojulikana sana ni vipande 93, vingi vimechongwa kwa pembe ya mnyama wa baharini: 82 viko London, 11 viko Edinburgh. Mwaka 2016, miaka 185 baada ya kufukuliwa, vipande 6 vilirejeshwa kuonyeshwa Stornoway, kisiwani kwao. Navyo ni vya kuazimwa. Nikisoma habari hiyo nawafikiria watoto wa Lewis, vizazi na vizazi, waliosafiri mamia ya maili kwenda kuona kilichotoka mchangani mwao.

Hata hivyo nisijifanye kwamba kisiwa ni salama. Julai 1846 moto uliteketeza katikati ya mji wa Nantucket, Marekani, ukala maktaba yao na vitu vya ajabu ambavyo mabaharia walikuwa wamevileta kutoka pande zote za dunia. Kila kitu kilikuwa chini ya paa moja. Chama cha historia cha kisiwa hicho kilikuja kuundwa mwaka 1894, karibu nusu karne baadaye, na mpaka leo kinafanya kazi, ila yaliyoungua hayana nakala. Kwa hiyo tunakubali kabisa kwamba nakala zikae bara, kwenye hifadhi yako ya nyaraka, na nyingine popote utakapopenda. Njooni na mashine, nakilini hapa hapa mezani, ondokeni na diski. Asili ibaki.

Utaniuliza jamii yenyewe inachangia nini, maana swali hilo huulizwa na kila mfadhili kabla hajakaa. Ukitazama kitabu cha ada utatuonea huruma; wanaolipa kwa wakati ni wachache na mtunza hazina wetu anawajua kwa nyayo. Lakini mchango wa watu wa kisiwani hauandikwi kwenye kitabu hicho. Nahodha anavusha masanduku yetu bila nauli na anayakalisha mbali na maji kuliko anavyokalisha abiria. Seremala alitutengenezea rafu kwa mbao za jahazi lililovunjwa, akazinyanyua kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa, akakataa malipo, akataka tu jina la jahazi liandikwe ubavuni. Vijana wawili walijifunza wenyewe kutumia kinasa sauti, na sasa ndio wanaokwenda kwa wazee. Wamegundua jambo ambalo sisi wakubwa hatukulijua: mzee akiulizwa historia hujinyoosha na kuhutubia, lakini akiulizwa alivyokuwa akitengeneza mtego wa samaki, historia yote hutoka yenyewe. Familia zinapomaliza matanga huja na mfuko wa makaratasi na kusema hatujui kama haya yana maana. Karibu kila mara yana maana. Maduka ya bara yanayonunua vya kale hutoa fedha taslimu, sisi hatutoi kitu, na bado mifuko inaletwa kwetu.

Watu hawa wamechoka, lakini hawajakata tamaa. Wanachoshindwa kukitoa ni kile kisichotolewa kwa moyo peke yake: masanduku ya karatasi isiyo na tindikali, betri, diski ya akiba ya kuweka sauti zilizorekodiwa, nauli ya kuzunguka upande wa pili, na posho ya mtu mmoja wa kushinda pale.

Huyo mtu mmoja ndiye aliyeninyima usingizi. Ufunguo wa chumba chetu umekaa kwa mwalimu mstaafu miaka 11. Anafungua siku tatu kwa wiki, anafagia, anasoma kipima unyevu asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari, anafungua dirisha la upande usio na upepo wa chumvi, anajua kila karatasi ilipo kwa kumbukumbu ya kichwani kwa sababu orodha yetu haijafika hata nusu. Hajawahi kulipwa. Wiki mbili kabla ya ziara yako alituambia, kwa upole kama kawaida yake, kwamba mwisho wa mwaka anahamia bara kwa binti yake, macho yamemshinda. Wewe ulimpa mkono siku ile. Ni yule aliyesimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nilipiga hesabu ya kumlipa mrithi wake nusu siku, pamoja na umeme, vifaa na nauli, nikailinganisha na gharama ya jumba kama ilivyotangazwa. Hesabu yenyewe nimeiambatanisha kwenye barua niliyokabidhi ofisini kwako, safari hii kwa mkono na kwa saini ya aliyeipokea. Utaona kwamba bei ya jumba ingeendesha chumba hiki muda mrefu kuliko umri uliobaki wa yeyote kati yetu tunaoandikiana.

Bajeti yako inasomwa kabla ya mwaka kwisha. Mkutano mkuu wetu tumeusogeza mbele ili tuwe na la kuwaambia wanachama, na tumemwomba mwalimu aanze kumfundisha mmoja wa wale vijana wa kinasa sauti mahali vitu vilipo. Kijana amekubali kwa miezi mitatu. Baada ya hapo, amesema wazi, anahitaji kazi yenye mshahara, na hatuna uso wa kumlaumu.

Kuhusu ile picha ya watu saba gatini: tangu ulipoondoka tumepata majina matano, moja likiwa bado lina ubishi. Wawili wa mwisho kulia hawajajulikana. Yupo bibi mmoja upande wa pili wa kisiwa ambaye baba yake alikuwa mpakuzi wa mizigo, na tunaambiwa hali yake si nzuri. Tunakwenda Jumamosi, bahari ikituruhusu.

Wako katika kazi,

Katibu wa chama cha historia, kisiwani