Njoo na saksafoni yako

Magomeni, Dar es Salaam
Jumatatu jioni

Kaka,

Salaam nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, mama watoto anakusalimu sana na anamuulizia shemeji. Tangu upate ule uhamisho wa Mwanza nimekukumbuka mara nyingi, lakini Jumapili jioni ndiyo nakukumbuka zaidi. Acha nikueleze sababu, kisha nina ombi.

Unawakumbuka wale vijana waliokuwa wakipiga nyimbo za kopi kwenye maharusi? Mwenye baa ya pale jirani amewachukua, sasa ni bendi ya pale pale. Kila Jumapili wanaanza saa kumi na mbili jioni, saa nne wamefunga, maana majirani wanataka kulala na Jumatatu ni kazi. Kiingilio hakuna. Vyombo ni vya baa, vijana wanalipwa kutokana na mauzo ya siku hiyo, na karibu kila wiki wanaalika mwanamuziki wa nje apande nao jukwaani.

Mjini kwetu jambo hili lina mizizi. Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978 ilichukua jina la baa ilimokuwa ikipiga, na baadaye ilipoingia chini ya DDC, lile shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ikawa bendi ya shirika lenye kumbi zake. NUTA Jazz nayo, tangu 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa na mwajiri, na mpenzi wa muziki alijua bendi yake inapiga wapi na siku gani. Hilo la siku ndilo naona tulilipoteza bila kulilia.

Maana, kaka, bendi ikiwa na ukumbi wake na siku yake, unaiona inakua. Bendi ya kuitwa kwenye shughuli inarudia nyimbo zile zile, kwa sababu hakuna anayetaka harusi yake ifanyiwe majaribio. Hapa wimbo mpya ukiyumba Jumapili hii, Alhamisi kwenye mazoezi wanaufumua, Jumapili inayofuata wanaurudisha, na wasikilizaji ni wale wale. Kuna mama mmoja muuza samaki, meza yake ni ya mbele kabisa, hamung'unyi maneno. Wakipumzika anamwita mpiga besi: "Mwanangu, leo umekimbia." Na kijana anasikia, kwa sababu anajua wiki ijayo mama yuko pale pale.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni wageni. Amekuja mwimbaji wa taarabu, akaimba mpaka watu wakapanga foleni kumtuza. Amekuja mpiga tumba kijana aliyesoma TaSUBa, kile chuo cha sanaa kule Bagamoyo. Wote walikuwa wazuri. Ila yule mzee wa hivi juzi, kaka, ungekuwepo! Alipigia moja ya bendi kubwa za hapa mjini, jina nitakutajia ukija.

Wote tulitegemea achukue gita la solo. Hakutaka. Aliomba solo namba mbili, lile gita la kati ya solo na rithim, akakaa juu ya kreti la bia, akamwambia kijana wa solo apunguze sauti. Sehemu ya mashairi ilipita vizuri. Walipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kucheza, mzee akaanza: noti tatu, nne, anaacha, anarudi pale pale. Kijana wa solo unamjua, ana vidole vyepesi na hana subira, kila penye upenyo anajaza. Wakagongana. Wakazunguka tena, wakagongana tena. Mzee hakubadilisha kitu wala hakukunja uso, aliendelea na noti zake huku akitazama mkono wa kijana, mpaka kijana mwenyewe akaanza kumwachia nafasi. Basi hapo ndipo gita la rithim likasikika, besi ikasikika, na watu wakainuka kucheza bila mtu kuwahimiza. Wakati wa mapumziko kijana alimfuata mzee na gita lake, wakakaa nyuma ya banda la chipsi, wakasahau hata kula, mpaka wakaja kuitwa.

Kijana yule amejifunza jambo ambalo hakuna mtu angeweza kumweleza kwa mdomo. Zamani ufundi ulitembea kwa njia ya kuhama. Marehemu Gurumo, yule mwimbaji, alitoka NUTA akaenda Mlimani Park, mwaka 1985 akaenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo, yaani ile ile NUTA, na kila alikokwenda waliokuwa naye walichota. Siku hizi bendi kubwa za dansi zimebaki za kuhesabu, kijana atahamia wapi akachote? Mgeni wa Jumapili moja ndiye anayefanya kazi hiyo sasa, na wazee wenye ufundi huo hawatakuwepo siku zote. Naomba sana mwenye baa asichoke.

Sasa ombi langu. Pale hakuna mpulizaji hata mmoja. Wakipiga nyimbo za Sikinde, yaani Mlimani Park, sehemu ya tarumbeta na saksafoni anaishika kijana wa kinanda. Anajitahidi, sauti anazipata zote, lakini kinanda hakivuti pumzi. Wewe unajua zaidi yangu jinsi wapulizaji wanavyochelewa kidogo pamoja, wakaingia, wakaacha, wimbo ukafunguka. Vijana wale hawajawahi kusimama karibu na saksafoni ikipigwa, kaka. Wameisikia kwenye simu tu.

Nimeshaongea na kiongozi wa bendi, amefurahi sana. Likizo yako ya Desemba ukija, fika mjini kabla ya Alhamisi ili uwahi mazoezi. Mgeni anapewa chakula, vinywaji na nauli kidogo. Pesa za kutuzwa zinaingia kwenye kapu, wanagawana wote na mgeni akiwemo, hilo nimeliona kwa macho yangu na limenipendeza. Utalala kwangu, chumba cha mbele kipo.

Shemeji aliwahi kuniambia saksafoni iko juu ya kabati tangu mhamie huko. Ishushe leo. Itazame zile pedi za kuziba matundu, Mwanza na unyevu wa ziwa sijui zina hali gani, kama zimekauka au zinavuja niambie mapema nimuulize fundi wa huku. Ridi za mdomoni nazo usisubiri kuzitafuta dakika za mwisho. Na unitumie majina ya nyimbo mbili unazotaka, na kila moja unaanzia sauti gani, nimpelekee kiongozi Alhamisi hii. Jumapili za Desemba zimeanza kuchukuliwa.

Wasalimie wote nyumbani.

Nduguyo wa Magomeni