Jarida la biashara ya mitindo lisianze kusanifiwa jaladani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala uliozushwa na makala yenu kuhusu majarida ya mitindo yanayobadilishwa sura. Makala ilisifu jalada jipya, jina la jarida lililoandikwa kwa herufi nyembamba, na kurasa zilizoachwa nyeupe kwa ukarimu. Yote hayo yanapendeza macho. Lakini jarida lililozungumziwa ni la watu wa kazi: wenye viwanda vya nguo, wanunuzi wa maduka, wabunifu, mafundi cherehani, wauza vitambaa. Hao hulifungua wakitafuta uzito wa kitambaa, upana wa jora, bei ya jumla na jina la muuzaji. Kwao, majedwali ya kurasa za nyuma na maandishi madogo chini ya picha ndiyo jarida lenyewe. Mkurugenzi wa sanaa anayeanzia jaladani ameanzia mwisho.

Kazi huanza kwa kulifumua jarida la zamani. Chukua matoleo ya mwaka mzima, banduabandua kurasa, zipange ukutani kwa aina: mahojiano, ripoti ya soko, maonyesho ya mavazi, orodha ya wauzaji, bei. Halafu hesabu mitindo ya vichwa, ukubwa wa herufi na upana wa safu. Utakuta mitindo mingi iliyozaliwa kwa bahati tu, kwa sababu siku moja kichwa hakikutosha na mtu akapunguza pointi mbili (pointi ni kipimo cha herufi, takriban theluthi ya milimita), na toleo lililofuata likanakili hapo. Kabla ya kubuni chochote kipya, futa hayo.

Hapo ndipo inapoingia gridi, yaani mistari isiyochapwa inayougawa ukurasa katika safu. Tuseme ukurasa una upana wa milimita 220. Acha 18 upande wa mgongo na 14 upande wa nje, zinabaki 188. Zigawe safu 12 za milimita 12 kila moja, zikitenganishwa na nafasi za milimita 4, na hesabu inafunga bila masalio. Faida ya 12 ni kwamba inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6: makala ndefu inakaa katika safu mbili za milimita 92, habari fupi katika tatu za 60, orodha ya wauzaji katika nne za 44. Mistari yote ya maandishi ikae kwenye ngazi moja ya pointi 12, ili mstari wa safu ya kushoto ulingane na wa kulia, na ulingane pia na ule wa nyuma ya karatasi. Karatasi nyepesi huonyesha kilicho nyuma, na mistari isiyolingana hutia ukungu ukurasa mzima.

Kiswahili nacho kina madai yake kwenye gridi. Violezo vingi, yaani kurasa zilizopangwa tayari, vinavyonunuliwa mtandaoni vilipimwa kwa lugha yenye maneno mafupi. Kichwa cha pointi 72 kinachotulia huko, kwetu neno moja tu kama "wanaotengeneza" linavuka safu na kumwaga nusu yake nje. Katika safu ya milimita 60, maandishi ya pointi 9 hutoa takriban herufi 40 kwa mstari. Ukiyanyoosha pande zote mbili, nafasi yote ya ziada inabebwa na mianya minne mitano, na ukurasa unatoboka mashimo meupe. Ama uache ukingo wa kulia bila kunyooshwa, ama ukate maneno kwa silabi. Na programu isipopewa kanuni za Kiswahili hukata kwa kanuni za Kiingereza: itaandika "wanaoten-" juu na "geneza" chini, ilhali mkato wetu ni "wanaote-ngeneza". Mhariri wa lugha akiona hayo kwenye prufu ya mwisho, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, marekebisho yake husukuma mistari na kuvuruga kurasa nzima. Yazuie mapema.

Nije kwenye zile herufi nyembamba zilizosifiwa. Alexey Brodovitch, mkurugenzi wa sanaa wa jarida la mitindo la Marekani Harper's Bazaar kuanzia 1934 hadi 1958, alizoesha macho ya watu herufi za ukoo wa Didot, zenye mistari minene kando ya myembamba sana, na uwazi mweupe kuzunguka picha. Fabien Baron alipolisanifu upya jarida hilohilo mwaka 1992, mchora herufi Jonathan Hoefler alilichorea Didot mpya yenye vipimo saba, kuanzia pointi 6 hadi 96, ili mistari myembamba ibaki myembamba kwenye kichwa kikubwa lakini iongezwe unene kwenye maandishi madogo. Wanaoiga huchukua kipimo kimoja tu, kile cha vichwa, wakakishusha hadi pointi 8 chini ya picha. Skrini hulificha kosa hilo, mashine ya uchapaji hailifichi. Mstari ulio chini ya robo ya pointi hukatikakatika ukichapwa. Ukiwa mweupe juu ya picha ya rangi nne, pleti moja (bamba linalochapa rangi moja kati ya hizo nne) ikiteleza sehemu ya kumi ya milimita, wino unauziba kabisa na neno halisomeki.

Maelezo ya picha yapewe herufi zenye unene unaolingana, pointi 7.5 au 8, kwa wino mweusi peke yake juu ya karatasi nyeupe. Yasema nini? "Pamba asilimia 100, gramu 140 kwa mita ya mraba, upana sentimita 150, husinyaa asilimia 3 ikifuliwa", kisha muuzaji. Denimu ya wakia 12 kwa yadi ya mraba ni takriban gramu 400 kwa mita ya mraba. Chagueni kipimo kimoja mkishike jarida zima. Kwenye majedwali ya bei, fonti iwe na tarakimu za upana sawa. Fonti nyingi za mapambo zina tarakimu 1 nyembamba kuliko 8, kwa hiyo mamia hayakai chini ya mamia na mnunuzi husoma bei ya mstari mwingine.

Lakini panapoharibika zaidi ni kwenye picha, tena kabla msanifu hajaiona. Mkurugenzi wa sanaa anayeletewa picha zilizokwisha kupigwa amegeuzwa mpambaji. Anatakiwa achore kila kurasa mbili zinazotazamana kabla ya siku ya kupiga picha, hata kwa penseli: kichwa cha mwanamitindo kiko wapi, maandishi yatakaa wapi, mgongo unapita wapi. Koti likisimamishwa katikati ya picha inayotandazwa kurasa mbili, vifungo huangukia kwenye mgongo. Jarida lililofungwa kwa gundi humeza milimita 6 hadi 10 kila upande. Mnunuzi hataona kama koti linafungwa kwa safu moja ya vifungo au mbili, na hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Msogeze mwanamitindo ukurasa wa kulia wote.

Vitambaa vya mistari myembamba na vijisanduku vidogo vina ugonjwa mwingine. Nyuzi za mtande na mshindio zikikaribiana na mpangilio wa vitone vya kamera, picha hutoka na mawimbi ya rangi yasiyokuwepo kwenye nguo. Kuyaondoa baadaye kwenye kompyuta ni kazi ya masaa na mara nyingi hufuta na ufumaji wenyewe. Dawa ni kusogea nusu hatua mbele au nyuma, au kuigeuza kamera kidogo, na kukagua palepale kwenye skrini kwa asilimia 100. Mawimbi hayo yanaweza kuzuka upya kiwandani pale ufumaji unapokutana na nukta za wino, kwa hiyo picha isikuzwe wala kupunguzwe baada ya prufu kukubaliwa.

Kuhusu rangi, omba kipande cha kitambaa chenyewe, sentimita 10 kwa 10 kinatosha, kiandamane na picha hadi kwa mchapaji. Kila mwanga unapobadilishwa, picha ya kwanza iwe na kadi ya rangi. Kipande na prufu vilinganishwe chini ya taa ya Kelvin 5000, yaani mwanga mweupe kama wa mchana, maana rangi mbili zinazofanana chini ya taa ya ofisi huweza kuachana kabisa zikitolewa nje. Waridi kali, buluu ya kobalti na rangi ya chungwa inayowaka hazipatikani kwa wino nne za kawaida hata fundi awe hodari vipi. Hapo kuna mawili: ulipie wino wa tano, au maelezo ya picha yataje namba ya rangi halisi. Kuongeza ukolezi kwenye kompyuta hakusaidii. Kunamdanganya msanifu peke yake.

Nguo nyeusi ndiyo mtihani wa kweli. Jumla ya wino nne kwenye karatasi ya kung'aa isizidi asilimia 300 hadi 330 (kila wino peke yake hufika 100), kulingana na karatasi na mashine. Karatasi ya gazeti kama hili lenu hubeba takriban 240. Wino ukizidi haukauki kwa wakati, hupaka ukurasa unaoutazama, na mahameli, hariri na pamba nyeusi zote hutoka doa moja. Afadhali giza la nguo liinuliwe kidogo hadi mikunjo na mishono ionekane, hata kama kwenye skrini litaonekana kijivu. Mpiga picha atalalamika. Alalamike.

Na uwazi mweupe? Siupingi, ila una gharama yake. Karatasi kubwa ikikunjwa hutoa kurasa 16, kwa hiyo jarida la kurasa 96 ni makunjo sita. Ukitaka kurasa tatu zaidi za kupumulia huwezi kuongeza tatu. Utaongeza 8 au 16, au utang'oa jedwali la mtu. Uwazi upewe kurasa za maonyesho ya mavazi, ambako unaiacha nguo iseme. Orodha ya wauzaji ibanwe.

Kiolezo kipya kijaribiwe kwa mali mbovu. Picha nzuri na maandishi ya kujaza hupendeza katika kiolezo chochote. Chukua kichwa kirefu kuliko vyote vya mwaka jana, picha ndogo yenye giza iliyotumwa kwa simu, jedwali la mistari 40 na tangazo la nusu ukurasa, uviweke vyote katika kurasa mbili. Zikisimama, endelea. Kisha chapisha kurasa nane kwenye karatasi ileile itakayotumika, katika mashine ileile, kwa sababu printa ya ofisini haina nukta zinazovimba wala karatasi inayonyonya. Na kama ukubwa wa jarida unabadilika, watangazaji waambiwe matoleo mawili kabla: tangazo lililotengenezwa kwa kipimo cha zamani litakatwa namba ya simu, au litabaki na ukanda mweupe kwa kukosa ile milimita 3 ya ziada ya kukatwa kila upande.

Baada ya hayo, karibu jaladani. Jina lipimwe mara mbili: kwa umbali wa mita 3, kama linavyoonekana rafuni, na kwa upana wa pikseli 120, kama linavyoonekana kwenye simu. Herufi nyembamba hufaulu mara chache katika jaribio la pili. Sura ya jina inaweza kubadilishwa bila urasimu, lakini neno lenyewe likibadilika kwa kiasi kikubwa, jarida litahitaji ISSN mpya, ile namba ya kimataifa ya utambulisho wa majarida. Msimbo pau usipunguzwe chini ya asilimia 80 ya kipimo chake cha kawaida, ambacho ni milimita 37.29 kwa 25.93, na ubaki mweusi juu ya nyeupe. Wapo wanaoupaka nyekundu ili ulingane na jina. Mashine za kusoma hutumia mwanga mwekundu, na mistari myekundu kwao ni sawa na karatasi tupu. Jarida litafika kaunta na kukataa kusomwa.

Ndimi,
Msanifu kurasa