Homa ya mgonjwa wa kemo haisubiri kukuche

Mhariri,

Mzazi akianza kutibiwa saratani kwa kemo, ndugu hubeba matunda, maziwa na ushauri. Kipimajoto hakuna anayekikumbuka, ilhali ndicho cha kwanza kununua.

Dawa za kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Za saratani zimo, lakini pia za uboho unaotengeneza damu, utando wa mdomo na utumbo, na mizizi ya nywele. Watu huogopa nywele kunyonyoka. Cha kuogopwa ni uboho. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili dhidi ya maambukizi, hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Siku hizo huenda kichefuchefu kimeisha, mzazi anakula na kucheka, na wageni wanamiminika na mafua yao. Mwenye mafua apige simu tu.

Joto likifika nyuzi 38, nendeni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane za usiku. Akitetemeka kwa baridi nendeni tu, kipimajoto kiseme kitakavyo. Kosa ninaloliona mno ni kumpa parasetamoli kwanza "tuone kama itashuka". Itashuka, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, lakini haiui bakteria. Kunapokucha mwili umepoa na maambukizi yamekwishaenea kwenye damu. Pimeni kabla hajameza chochote cha kutuliza maumivu. Na kama ametoka kunywa chai ya moto, subirini robo saa kabla ya kumpima mdomoni.

Mapokezi, msiseme "ana homa" mkaketi foleni. Semeni: "Yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, joto ni 38.4." Kadi ya matibabu na orodha ya dawa zikae kwenye mfuko mmoja karibu na mlango. Haya yote hayawezekani katika familia inayomficha mzazi ugonjwa wake. Aliyeambiwa ana vidonda vya tumbo hatamwamsha mtu kwa sababu ya kutetemeka kidogo.

Jambo la pili ni mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Wapo wanaoificha kabatini wakihofia mzazi atakuwa teja. Maumivu ya saratani hutulizwa kwa saa, si kwa kilio: mofini ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, kwa kipimo alichoandika daktari. Kichefuchefu chake huisha baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakuishi, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku moja na mofini. Wazee wengi huacha mofini kimyakimya kwa sababu hii, maana mama hatamweleza mwanawe wa kiume habari za choo. Atafutwe wa kumuuliza bila haya.

Mabaki ya kemo hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi, hasa katika saa 48 za mwanzo. Anayesafisha avae glavu, choo kifunikwe kabla ya kuvuta maji, na shuka zilizochafuka zifuliwe peke yake. Ni tahadhari ya dawa tu. Kumtengea mzazi sahani na kikombe ni ukatili usio na sababu, kwani saratani haiambukizwi kwa kula pamoja wala kukumbatiana.

Mitishamba nayo isinyweshwe kwa siri. Baadhi hubadilisha namna ini linavyoshughulikia kemo, dawa ikazidi nguvu au ikapungua. Mwonyesheni daktari hata magome yenyewe.

Mwisho, maumivu mapya ya mgongo yakiandamana na miguu kulegea au mkojo kugoma, msiyaite uzee. Huenda uvimbe unabana uti wa mgongo. Mzazi afikishwe hospitali siku hiyohiyo angali anatembea, kwa sababu akishapooza ni vigumu kusimama tena.

Muuguzi wa wagonjwa wa saratani