Hela ya wakili kwenye talaka usiibanie

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji wenu kaandika humu juzi kwamba mtu anayeachana na mwenzie asihangaike na wakili, hela hiyo bora anunue mabati aanze maisha. Mi nauza dagaa hapa Kibirizi mwaka wa kumi na nne sasa, na nimeachika, naomba nimjibu maana nilianza na akili hiyo hiyo yake.

Talaka yangu ililetwa na shemeji kwa bodaboda, kikaratasi kimekunjwa mara nne. Nikakibeba hivyo hivyo hadi mahakamani nikijua kazi imeisha, kumbe kile hakigawi hata sufuria. Nikaambiwa anzia baraza la usuluhishi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndo inavyotaka, baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati unaiambatanisha kwenye maombi yako. Nikaenda, mwenzangu hakutokea, mzee mmoja pale akanigongea barua yenye muhuri kwamba nimefika barazani na nina tabia njema. Tabia njema! Kwamba usuluhishi umeshindikana hakuna palipoandikwa. Na wakati huo nilishapata wakili kijana, kesi zake ni za viwanja, bei nafuu, naye barua hakuisoma akaiambatanisha tu, miezi saba tunaenda tunaahirishwa, siku ya siku upande wa pili wakaishikilia ile barua na maombi yakatupwa. Anza upya. Simlaumu sana, fundi baiskeli ukimpa injini ya mtumbwi naye ataifungua tu.

Wa pili alikuwa mama mtu mzima, kesi za ndoa kazifanya miaka na miaka. Mi nimejipanga kumweleza habari za yule mwanamke wa Ujiji mwanzo mwisho, yeye wala. Ananiuliza, nyumba ya Mwanga ilipokuwa inajengwa mafundi walikuwa wanakula kwa nani? Maji ya zege yalitoka wapi? Nikamwambia mama, risiti zote zina jina la mume wangu. Akasema niletee daftari lako la biashara. Mhariri, daftari lenyewe linanuka dagaa, kurasa zimegandana kwa mawese, niliona aibu kuliweka juu ya meza yake. Akavaa miwani akaanza kulifungua taratibu kwa ncha ya kalamu, na mle ndani kulikuwa na "saruji mifuko 6", "mafundi 40,000", "nondo nimeongezea", mi nilikuwa naandika tu nisije nikala mtaji, sikujua naandika ushahidi.

Ndo akanieleza kwamba kifungu cha 114 cha hiyo Sheria ya Ndoa kinaangalia mchango wa kila mmoja, uwe wa hela, mali au kazi, na Mahakama ya Rufani toka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Halafu akaongeza kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufua dafu, kwa hiyo nisije nikajibweteka na jina la kesi, tupeleke daftari na mashahidi. Kijana wa viwanja asingeniambia hilo la mwisho.

Na kabla hatujarudi hata barazani alishaweka zuio kwenye ile nyumba isiuzwe. Kisheria nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzako, lakini tunazijua zinavyouzwa.

Kuna siku yule mama wakili aliniudhi mpaka nikalia. Nilitaka na mashine ya boti. Akasema boti ina jina la kaka wa mumeo, mashahidi wako huko ziwani hawashikiki, utatumia laki nane kutafuta mashine ya laki sita, achana nayo. Nilimwona kahongwa. Nikaja nikapiga hesabu mwenyewe usiku kwenye lile lile daftari, nikaiacha. Hukumu ilipotoka nyumba tukagawana, sikupata yote na sikuwa nastahili yote, mume wangu naye alikuwa anavua usiku kwenye baridi lile.

Asiye na hela kabisa aulize wasaidizi wa kisheria, wapo kwa sheria ya mwaka 2017, ni bure, watakusaidia na kukuelekeza kwa wakili ingawa mahakamani wao hawakusimamii. Mwenye kidogo akilipe kwa anayezijua kesi za ndoa, na aende kabla hajafungua chochote, asisubiri mpaka kimeharibika kama mimi.

Na yule ndugu yetu wa mabati, atakapoyanunua naomba aangalie risiti imeandikwa jina la nani.

Muuza dagaa,
Kibirizi, Kigoma